Ngamia wa Laini ya Tatu

Jina la Ngamia hakupewa na mamaye. Alilipata kiwandani, na alilipenda, asikwambie mtu. Ukimwita kwa jina lake halisi alichelewa kuitika, ukisema "Ngamia!" aligeuka meno yote nje. Alikuwa haendi chooni, na haendi kwa kuwa hanywi maji. Tangu king'ora cha asubuhi hadi cha jioni alikuwa juu ya cherehani akishona kola za mashati, akikata nyuzi kwa meno ili asipoteze muda kutafuta mkasi. Kuna wanaosifiwa kwa sauti nzuri, kuna wanaosifiwa kwa mapishi. Yeye, jamani, alisifiwa kwa kibofu.

Usimwone mjinga lakini. Kola ikitoka kwake ilikwenda kwa wa pili, kwa wa tatu, mpaka mwisho wa laini. Mmoja akiinuka, wote walio mbele yake wanakaa kupunga nzi, na laini nzima inakosa bonasi. Kwa hiyo aliyebanwa na haja hakugombana na msimamizi tu, aligombana na wenzake pia. Na hata ukiinuka, unaendaje? Kulikuwa na kibao kimoja cha mbao chenye kamba, ukikivaa shingoni ndipo mlinzi wa choo anakupisha. Kibao chenyewe kilikaa mezani kwa msimamizi, ambaye walimwita Bwana Saa kwa kuwa hakuweza kuzungumza na mtu bila kutazama mkono wake. Ukienda kuomba, anatazama saa. Ukirudi, anatazama saa. Mwanamke mzima na heshima zake!

Na hayo maji yenyewe sasa. Pipa la plastiki kwenye kona, kikombe kimefungwa mnyororo utadhani ni dhahabu, maji rangi ya chai iliyochujuka na ladha ya msumari. Aliyeyanywa aliharisha, na ukiharisha wakati kibao kiko shingoni mwa mwingine... basi, hayo tuyaache.

Ngamia alikuwa na dawa yake. Kifungo. Kifungo cha koti, kikubwa, cha kahawia, chenye matundu manne. Unakiweka chini ya ulimi, unakizungusha taratibu, mate yanatoka, kiu inadanganyika. Mwaka mmoja walikuja wageni wenye tai, na tajiri mwenye kiwanda akawapeleka hadi kwenye cherehani yake. "Huyu hapa," alisema, "sijawahi kumwona akiinuka." Wakampigia makofi. Wakampa zawadi ya mfanyakazi bora ndani ya karatasi inayong'aa, naye alipoifungua nyumbani akakuta glasi sita. Glasi za maji! Akazipanga kabatini, akawa anazifuta vumbi kila wiki, wala hakuona kichekesho. Kiuno kilipomuuma alimeza vidonge vya maumivu vya dukani. Mkojo ulipomchoma, alimeza vingine. Ulipogeuka rangi ya yale maji ya pipa, alisema ni uchovu tu.

Mtoto alikuwa naye mmoja, binti, kifungua mimba na kitinda mimba kwa mpigo. Binti alipofikia umri wa kazi Ngamia alimpeleka mwenyewe, akambembeleza Bwana Saa mpaka akapata cherehani ya jirani. Siku hiyo ya kwanza alikitoa kile kifungo mdomoni, akakipangusa kwa upindo wa gauni lake, akampa.

"Mwanangu," akamwambia, "hapa usipoinuka, utapendwa."

Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu alifunzwa na mamaye.

Figo za Ngamia zilikufa kimya kimya. Miguu ilianza kuvimba, akanunua viatu vikubwa. Uso ukavimba, wenzake wakamtania kwamba ananenepa. Halafu asubuhi moja akaangukia juu ya kola zake. Kiwanda kikamuaga getini, na cherehani yake ikapata mtu kabla jua halijazama. Kadi yake ya bima nayo ikafa pamoja na kazi. Kilichobaki ni kadi ya binti. Kwa kadi hiyo Ngamia aliunganishwa na mashine ya kusafisha damu hospitalini, mara mbili kwa wiki, na kadi hiyo ilikuwa hai maadamu binti ameketi pale kwenye laini ya tatu.

Na sasa sikia uchungu wenyewe. Mgonjwa wa mashine hapewi maji anavyotaka, maana hayana pa kutokea. Yanamjaa miguuni, yanamjaa kifuani. Ngamia aliruhusiwa chupa moja ndogo kwa siku nzima, na vidonge vyake avimezee humo humo. Yeye aliyelipita pipa miaka yote kwa maringo, sasa aliota mabomba yakimwagika. Aliwachukia watu waliokuwa wakiosha magari barabarani, aliwachukia kweli, kutoka moyoni. Nesi, mama mmoja mcheshi asiyekuwa na baya, akamshauri siku moja, "Dada, kiu ikikuzidi tafuta kitu kidogo ukiweke mdomoni, ukinyonye tu. Inasaidia." Ngamia alicheka mpaka nesi akaingiwa na hofu, na baada ya kucheka akalia.

Tumaini lilikuwa moja. Binti alikuwa amejitolea kumpa figo. "Mimi ninazo mbili, mama," alisema, "na zote ulinipa wewe." Alipimwa damu, akapimwa mkojo, akapigwa picha za tumbo. Siku ya majibu alifika asubuhi akiwa tayari na shati la kiwanda, la mikono mirefu, kwa kuwa mchana alikuwa na zamu. Akavuta kiti karibu na kiti cha mamaye, pale dirishani panapotazamana na geti la hospitali. Mashine ilikuwa bado haijawashwa.

Daktari wa figo alikuja na miwani yake na upole wake.

"Damu zenu zinapatana vizuri kabisa," alisema.

Ngamia akashusha pumzi. Aliziona zile glasi sita zimejaa, akajiona anazimaliza moja baada ya nyingine.

"Lakini figo zake siwezi kuchukua hata moja."

"Kwa nini?" Ngamia akauliza. "Si umesema zinapatana?"

"Zimeanza kuchoka, mama. Zina makovu." Akamgeukia binti. "Unafanya kazi gani?"

"Ninashona. Kiwandani."

"Aa." Daktari akavua miwani. "Na maji unakunywa?"

 Binti alimtazama mamaye, na hakukuwa na lawama machoni mwake. Afadhali ingekuwepo.

"Hajafika pabaya," daktari akaendelea. "Akinywa maji safi ya kutosha, akienda haja anapobanwa, akiepuka vidonge vya maumivu, figo hizo zitamfikisha uzeeni. Akiendelea hivi, mama, kiti hicho cha jirani yako kitakuwa chake."

Akawaachia maneno hayo, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mchuma janga hula na wa kwao. Ngamia alikuwa amelisikia neno hilo tangu utotoni, na siku zote alidhani linawahusu wezi na walevi.

Binti akainama kuchukua mkoba wake. Ndipo Ngamia alipokisikia. Ko. Kitu kigumu kimegusa jino. Mwingine asingekitambua, lakini yeye sauti hiyo alikuwa ameishi nayo mdomoni nusu ya maisha yake.

"Fungua mdomo."

"Mama..."

"Tema!"

Binti akatema. Kikadondoka kiganjani mwa Ngamia kikiwa bado na joto. Cha kahawia, matundu manne, kimelainika kwa kunyonywa na watu wawili. Ngamia akakifumbata, na kwa mkono wa pili akachukua chupa yake ndogo pembeni ya kiti.

"Kunywa."

"Hii si ndiyo yako ya leo, mama? Utakunywa nini?"

"Nimesema kunywa. Mbele yangu, nikuone."

Binti akanywa. Ngamia alitazama koo la mwanawe likipanda na kushuka, na koo lake kavu likapanda na kushuka pamoja nalo. Hakumruhusu kuishusha chupa mpaka tone la mwisho.

"Kule usirudi."

"Na mashine hii, mama, italipiwa na nani?"

Ngamia akaitazama mashine, akaitazama chupa tupu. 

"Basi uwe unainuka," alisema hatimaye. "Bwana Saa aitazame saa yake mpaka macho yamtoke. Niahidi."

Binti akacheka kidogo, akamfuta mamaye jasho la usoni. "Nakuahidi, mama. Nitainuka."

Akaondoka. Nesi akaja, akachoma sindano zake, mashine ikaanza kuguruma. Ngamia akaegemea, kifungo kikiwa ndani ya ngumi ya mkono ulio huru, akaona kwamba figo ameikosa, sawa, lakini mtoto amemwokoa. Akageuza uso dirishani amwone anavyokwenda.

Binti alikuwa amefika getini. Alisimama, akatazama saa iliyotundikwa kwenye kibanda cha mlinzi. Akainua mkono hadi usoni kama mtu anayejifuta, akaukaza upindo wa mkono wa shati mdomoni, na kwa meno, kama washonaji wote, akakata uzi. Aliposhusha mkono, shati lilikuwa wazi pale kwenye kifundo cha mkono, halina kifungo, likipepea, na shavu moja lilikuwa limetuna kidogo.

Ngamia akajinyanyua kwenye kiti.

"Hapana, dada, usiinuke," nesi akasema, akimshika bega. "Sindano itachomoka."

Ngamia akakaa.