Kofia Tisa za Bi Futi

Mtu akikuambia kwamba Bi Futi alinunua gari, mkatalie. Alichonunua yeye na mumewe ni masanduku kumi na manne ya mbao, kitabu cha maelekezo chenye kurasa mia mbili, na injini kuukuu iliyoviringishwa kwenye turubai. Gari lilikuja baadaye, polepole, kama gauni linavyotoka kwenye jora la kitambaa.

Bi Futi ni fundi cherehani. Jina hilo alibandikwa na wateja kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni hata siku moja. Aliwahi kwenda hospitali kumwona jirani, akamkuta amekonda, akampima kiuno palepale kitandani ili akitoka akute nguo zimeshapunguzwa. Ndivyo alivyo. Kwake yeye, kitu kisichopimika bado hakijazaliwa.

Mumewe anaitwa Dereva, na alistahili. Aliendesha malori ya kampuni kwa miaka thelathini na mmoja. Simiti, sabuni, unga, mabati, masinki, vyote amevipakia. Mkewe hakumpakia hata mara moja. Ndani ya kila lori palikuwa na kibao, ABIRIA HAWARUHUSIWI, na Dereva alikuwa mtu wa kibao. Mvua inyeshe, Bi Futi awe kando ya barabara na furushi la sare za shule kichwani, mumewe atampita, atampigia honi mara mbili za mapenzi, na atamrushia maji ya dimbwi.

"Nisamehe mke wangu," angesema jioni akivua viatu. "Unakijua kibao."

Jambo jingine lililomganda Dereva ni daftari la safari. Hakuna gari aliloliondoa kabla hajajaza safu zake nne: mzigo, idadi, kuelekea, maelezo. Kwenye maelezo aliandika ukweli mtupu. Mzigo ukichelewa alitaja sababu: mvua, pancha, daraja limezama. Sababu moja tu hakuwahi kuiandika kwa miaka yote hiyo, nayo ni "kosa la dereva". Alilisema hilo kila alipopata mtu wa kumsikiliza, na asipompata alimwambia mkewe.

Bi Futi alivumilia kwa kucheka, maana mumewe alikuwa mwema na maji ya dimbwi hukauka. Lakini siku Dereva alipostaafu, alimwekea kikombe cha chai mezani akamwambia waziwazi, "Sasa nataka gari lisilo na kibao. Na unipakie kabla sijazeeka."

Ndipo yakaja masanduku.

Pa kuyaweka palikuwa mahali pamoja tu, chumba cha uani chenye mlango mpana wa mabati unaofungukia uchochoroni. Chumba hicho ni cha dada yake Dereva, anayeitwa Mwalimu, ambaye alikuwa akifundisha hesabu mji mwingine. Nyumba ni ya urithi na kila mtu ana pake. Mwalimu aliwaazima kwa roho safi, ila na yeye alikuwa na masharti yake.

"Nikistaafu narudi kwangu," alisema. "Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, saa sita mchana. Gari lenu ama litoke kwa miguu yake, ama litoke ndani ya magunia."

"Dada, si tutalisukuma tu?" Dereva alijaribu.

"Gari la kusukumwa ni mkokoteni. Mimi nimesema gari."

Na magunia hayakuwa maneno matupu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alishapita mara mbili, akachungulia dirishani na kuondoka akipiga mluzi. Bi Futi aliuchukia mluzi ule kuliko kitu chochote duniani.

Kwa miezi kumi na minne waliunda. Dereva alisoma kitabu kwa sauti kama anayetangaza habari, na Bi Futi alifanya kazi, kwa kuwa vidole vya mumewe vilizoea usukani wa lori na nati ndogo zilimponyoka zikakimbilia uvunguni. Bi Futi aliliunda gari kwa njia aliyoijua. Fremu aliichora kwa chaki. Boliti hakuzikaza hata moja mpaka zote zimeingia, alizishikiza kwanza kama mtu anavyoshikiza mkono wa koti, akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, na ndipo akakaza. Nyaya za umeme alizipanga kwa rangi na kuzifunga kwa uzi kila baada ya vidole vinne. Fundi umeme aliyeitwa kuzikagua alizishikashika kwa muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kuwaleta wanafunzi wake waone.

Adui yao alikuwa vumbi. Bati la chumba kile lilidondosha kutu, cherehani ilitoa manyoya ya pamba, na chaki haina adabu. Bi Futi akaona haiwezekani. Kila tundu la gari lililokuwa wazi alilishonea kofia yake ya reksini nyeusi, ile wanayovalishia makochi, yenye pindo na lastiki, ikakaa barabara. Kofia zilikuwa tisa. Ndani ya kila moja alitarizi namba kwa uzi mweupe, na kwenye daftari la vipimo akaandika namba ipi ni ya tundu lipi. Kila kifaa kilipofungwa mahali pake, kofia yake ilivuliwa, ikafuliwa, ikaanikwa kwenye kamba ya uani kwa kibanio. Ungedhani kuna watoto tisa wamezaliwa.

Wiki ya mwisho hawakulala vizuri kwa furaha. Walimimina oili. Walijaza maji kwenye rejeta. Walichomoa plagi, wakaizungusha injini bila moto mpaka taa ndogo nyekundu ya oili ikazimika yenyewe, na hapo Bi Futi alipiga kelele, akamkumbatia mumewe, akamwachia mgongoni alama za vidole kumi vya grisi. Lile shati Dereva alikataa lifuliwe. Alhamisi Bi Futi alikwenda kupeleka sare shuleni, na aliporudi alimkuta mumewe amesimama mlangoni, kifua mbele.

"Nimefunga chujio la hewa mwenyewe," alisema. "Peke yangu. Nati haikudondoka hata moja! Na hawa watu wa kiwandani, we acha tu, wana gasketi nzuri ya kukalia chujio, sijapata kuona."

"Hongera, mume wangu," alisema Bi Futi, na kweli alifurahi.

Jumamosi ikafika. Bi Futi alivaa gauni la njano alilolishona kwa kitambaa kilichobaki kwenye viti vya gari, hivyo alipoketi kujaribu, hukujua fundi anaishia wapi na kiti kinaanzia wapi. Saa tatu Mwalimu aliingia uani na masanduku mawili, mwavuli, na kitanda juu ya mkokoteni. Nyuma yake akaja kinyozi wa jirani, aliyekuwa ameahidi kuwapa nafasi ya kuegesha nyuma ya duka lake. Alibeba kiti chake na wateja wake watatu, mmoja akiwa amenyolewa upande mmoja.

Ndoo ya mchanga ikawekwa pembeni, lolote laweza kutokea. Betri ikarudishwa mwisho, kama kitabu kilivyoagiza. Dereva akapanda, akafuta mikono kwenye suruali, akageuza ufunguo.

Injini ikazunguka. Nga-nga-nga-nga. Ikazunguka tena. Haikushika.

"Pumzika, urudie," alisema Bi Futi.

Nga-nga-nga-nga. Harufu ya petroli ikatanda uani. Walichomoa plagi, wakazikuta zimelowa chepechepe, wakazianika juani juu ya sahani. Walizirudisha, zikalowa tena. Mteja mmoja akasema ni nyaya. Mwingine akasema ni petroli ya siku hizi. Yule wa upande mmoja akasema gari likisemeshwa vizuri huwaka, akaanza kulisemesha. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Saa tano na nusu betri ilikuwa imeanza kuchoka, nga ikawa moja moja, na huko uchochoroni ukasikika mluzi.

Bi Futi aliusikia. Hakuwa akiwaza vyuma, alikuwa akiwaza kile kiti cha kushoto alichokishona mishono miwili miwili, kiti chake, ambacho kwa miezi kumi na minne hakikuwahi kumpeleka popote. Alitaka kulia na alijua akianza hataacha. Akainamia injini ili watu wasimwone uso.

Mwalimu alikuwa ameketi juu ya sanduku lake akisubiri saa sita. Hakuwa na la kufanya, na mwalimu wa hesabu asiye na la kufanya huhesabu. Alihesabu wateja, watatu. Alihesabu mabati ya paa. Kisha macho yakatua kwenye kamba ya nguo.

"Wifi," aliita.

"Abee wifi."

"Hivi vikofia hapa kambani ni vya nini?"

"Vya matundu ya gari. Wifi, nakuomba, nina kazi."

"Viko vingapi?"

"Tisa."

"Nimehesabu vinane."

"Wifi, niache jamani!"

"Siwezi kukuacha." Mwalimu alikwishasimama. Kwa miaka thelathini na sita hakufunga daftari la mahudhurio mtoto mmoja akiwa hajulikani alipo, na hakukusudia kuanza leo. Akapita kambani, akapindua kofia moja moja na kuita kwa sauti ya darasani, "Moja, yupo! Mbili, yupo! Tatu! Nne! Tano! Sita! Nane! Tisa!" Akageuka. "Saba yuko wapi?"

Bi Futi akalichukua daftari la vipimo dirishani, akafungua, akapitisha kidole. Aliusoma mstari ule mara mbili, kisha akainua macho kumtazama mumewe.

"Saba ni wa mdomo wa karbureta," alisema taratibu. "Pale injini inapovutia pumzi. Chini ya chujio la hewa. Mume wangu, ile gasketi uliyoisifu juzi, ilikuwaje?"

"Nzuri sana," alisema Dereva. "Nyeusi, laini, imekaa barabara, ina pindo..."

Akaitazama kamba ya nguo.

"Gasketi haina pindo," alisema Bi Futi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mwalimu, akatazama saa. "Dakika kumi na saba."

Hapo ndipo ungewaona. Dereva aliruka kutoka kwenye gari kama kijana. Bi Futi akafungua chujio, na humo ndani, shwari, amelala usingizi wake, alikuwamo Saba. Amefunika mdomo wa karbureta bila hata mkunjo mmoja. Injini ya watu ilikuwa ikinyweshwa petroli asubuhi nzima huku imezibwa pumzi. Kinyozi alikimbia dukani, akarudi amekumbatia betri anayoitumia kwa mashine zake umeme ukikatika. Wateja wakakausha plagi kwa mashati yao. Bi Futi alicheka huku anakaza, anakaza huku anacheka, kwa kuwa kosa lilikuwa la ushonaji wake mzuri uliodhaniwa wa kiwandani, na hakuwahi kusifiwa kwa namna ile maishani.

Dereva akageuza ufunguo. Nga-nga-nga, kikohozi kimoja, wingu la moshi, na gari likanguruma.

Likanguruma! Uani wote ulipiga kelele. Yule mteja wa upande mmoja alitimua mbio mpaka uchochoroni, akarudi akidai alikwenda kuangalia kama linasikika huko. Kinyozi alikumbatia kiti chake. Mwalimu aliziba masikio, lakini mdomo ulimsaliti, ulikuwa umecheka mpaka jino la dhahabu la nyuma.

"Saa sita kasoro dakika nne," alitangaza. "Wote tisa wapo. Haya, tokeni chumbani kwangu."

Barabara kuu walikuwa bado hawaruhusiwi, gari halikuwa na namba. Lakini mpaka nyuma ya duka la kinyozi ni uchochoro mtupu, mita mia mbili. Bi Futi akaketi kiti cha kushoto, akafunga mkanda, akaweka mikono magotini. Gari halikwenda. Dereva alikuwa amechomoa daftari la safari na kalamu.

"Jamani, hata leo?" alisema Bi Futi.

"Hata leo. Mzigo?" Akaandika: mke. "Idadi?" Akaandika: mmoja. "Kuelekea?"

"Popote."

"Popote si mahali, mke wangu."

"Basi kwa kinyozi."

Ilibaki safu ya maelezo. Dereva alimtazama mkewe, gauni la njano, doa la grisi puani, futi shingoni, machozi na kicheko vikigombea uso mmoja. Kalamu ilikaa hewani muda mrefu. Kisha akaandika, akamkabidhi daftari atie sahihi, kama anavyotia sahihi mwenye mzigo.

Bi Futi akasoma. "Umechelewa miaka thelathini na mmoja. Kosa la dereva."

Alifuta macho kwa ncha ya futi, akatia sahihi yake yote, ndefu, mpaka ikatoka nje ya mstari. Dereva akaweka gia, akapiga honi mara mbili, na safari hii hakumpita.