Peni Isiyotimia Wakia

Ninyi wajukuu, na vijana wengine wa huku ughaibuni, Euless, mtakaosoma haya, nawaambieni mapema: mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno ya kupamba. Nitasema kama ninavyosema jikoni.

Kopo langu la iliki mnalijua. Kila nikilifungua kupika chai, harufu mbili hutoka pamoja. Ya kwanza ni iliki, hiyo kila mtu anaipenda. Ya pili imejificha chini yake, kali kidogo, kama kiganja kilichoshika ufunguo wa zamani. Hiyo ni shaba. Ni peni ya bibi yangu, inakaa mle ndani, na nikiinusa tu siko tena kwenye fleti hii inayopitiwa na ndege za abiria juu ya paa. Niko Muheza, siku ya gulio, nimekaa nyuma ya mama kwenye mkeka.

Mama aliuza iliki. Alikuwa na mizani ndogo ya mkononi, vitanga viwili vya bati vinavyoning'inia kwa nyuzi. Kitanga kimoja alitia iliki, cha pili aliweka ile peni. Ilikuwa peni nene ya Kiingereza, ya karne ya kumi na nane, ya zamani hata wazee wa pale hawakuwahi kununua kitu kwayo. Upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili mwanamke ameketi na mkuki wa ncha tatu. Ukingo wake mpana, umeinuka kama wa sahani, na herufi zimezama humo. Walioitengeneza waliipa uzito wa wakia moja kamili, ndiyo maana wauza viungo waliipenda. Kwetu haikuwa pesa tena, ilikuwa jiwe la mizani. Mama aliirithi kwa mama yake, aliyeuza iliki papo hapo mpaka alipofariki. Watu walikuwa wakisema, "Nipimie kwa peni ya marehemu," kama mtu anayeapa. Tulikula kwa jina hilo.

Jirani yetu wa mkeka alikuwa Bi Chausiku, mwanamke mwenye ulimi mrefu kuliko kanga yake. Gulio moja akaja na peni ya aina ile ile, kaipata kwa sonara aliyekuwa akifunga duka. Mteja mmoja, kwa mzaha tu, akasema zipambanishwe. Mama akaweka yake huku, Bi Chausiku akaweka yake kule. Kitanga cha mama kikapanda juu.

"Shoga yangu!" Bi Chausiku akapiga makofi. "Peni ya mama yako imefunga Ramadhani bila kufuturu!"

Watu wakacheka mpaka wauza nazi wakaja kuuliza kuna nini. Lakini wengine walisimama upande wetu. "Hiyo yako ndiyo iliyozidi, umeijaza nini?" Na kweli, peni mbili zikitofautiana, mizani peke yake haikwambii ipi inasema kweli. Mama angeweza kuishika kamba hiyo aliyorushiwa, na habari ingekwisha. Hakuishika. Alisema, "Nipeni zote mbili."

Aliziangusha moja moja juu ya jiwe. Ya Bi Chausiku ililia, sauti nyembamba ikakaa hewani. Yetu ilisema ko, ikanyamaza. Akapitisha kucha kwenye herufi. Kwenye ile nyingine kucha ilikwama penye kona kali, kwenye yetu iliteleza kama herufi zimeandikwa juu ya uji. Akaigeuza juani, tukaona vishimo vidogo vidogo, kama uso uliougua ndui. Mwisho akazungusha kidole ubavuni, polepole, akasita mahali pamoja. Akanishika mkono nipapase. Palikuwa na kovu la tupa, bapa, dogo.

"Hapa ndipo shaba ilipomiminiwa kwenye kalibu, kisha pakasawazishwa kwa tupa," alisema. Mjomba wake alikuwa akimimina vikuku vya shaba, kovu lile alilijua tangu utoto. "Peni ya kweli hugongwa chapa. Haimiminwi kama kikuku."

Akasimama. Mama alikuwa mfupi. "Ya uongo ni yangu," akasema, na kila mtu akasikia.

Mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, akauliza taratibu, "Kwa hiyo marehemu alikuwa akitupunja?"

Nilivuta kanga ya mama anyamaze. Kwa neno lile bibi yangu angekuwa mwizi ndani ya kaburi lake, nasi tungekuwa kizazi cha mwizi.

"Hapana, mzee wangu. Marehemu alipunjwa kwanza. Mtu alimpa ya bandia, naye hakujua. Mimi nimeshajua. Nikipima nayo tena, mwizi ni mimi, si yeye."

Kisha akamgeukia Bi Chausiku. "Niazime hiyo yako." Bi Chausiku, mzaha umemwisha mdomoni, akampa. Mama akaokota jiwe, akalisugua kwenye mwamba, akalipima, akalisugua tena, jasho linamtiririka, mpaka vitanga vikalala sawa. Wateja wa zamani waliokuja baadaye aliwaongezea iliki kwa vidole, bila kuhesabu. Wengine walihama hata hivyo, tukala mchicha mpaka tukauchoka. Aliyerudi wa kwanza ni yule mzee. "Nipimie kwa jiwe lako," alisema.

Jioni ile mama aliifunga peni kwenye kitambaa pamoja na tasbihi ya bibi.

"Huitupi?" nikamuuliza.

"Ni ya mama."

"Lakini ya uongo."

"Kwani nimesema ya kweli?"

Sikumwelewa. Nilidhani anajichanganya. Imenichukua uzee kuona kwamba siku ile alibeba vitu viwili vizito, mama yake na ukweli, wala hakutua kimoja ili kuupumzisha mkono.

Juzi mjukuu wangu Nasri aliipiga picha kwa simu, aka-google, akarudi amenywea. "Bibi, sorry. Hii ni feki." Kaliona lile kovu la ubavuni. Baadaye nikamsikia baba yake akinong'ona sebuleni: za kweli zinauzwa mtandaoni, ataagiza moja, waitumbukize koponi kimya kimya, Bibi asijue. Wananipenda, sikatai.

Niliwaita wote jikoni, nikaiweka mezani katikati ya vikombe, nikawaamuru: hii haitupwi, haibadilishwi, na asitokee mtu wa nyumba hii akaiita ya kweli.