Siku Niliyovaa Pazia Harusini

Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana mkifika Kivinje tu mtasimuliwa na watu wengine, na wao wanatia chumvi mpaka inakuwa kama niliingia harusini na bomba la pazia begani. Bomba sikubeba. Lakini pazia nilivaa, hilo sikatai, tena pazia la sebuleni kwangu mwenyewe, na aibu niliyoipata siku ile mpaka leo nikiikumbuka peke yangu jikoni nafunika uso kwa upawa.

Kazi yangu mnaijua, ni chapati. Asubuhi nakaa kibarazani na jiko langu, na mtu akitaka kujua kama maisha yamepanda asihangaike na redio, aje atazame chapati zangu. Mafuta yalipopanda nikaacha kijiko nikawa napaka kwa kitambaa, unga ulipopanda donge likapungua, mpaka siku moja kijana wa bodaboda akaiinua chapati juu kwenye mwanga akafumba jicho moja akasema, "Mama Shufaa, mbona namuona mpaka muuza samaki kule ng'ambo ya barabara?" Nikamwambia amshukuru Mungu kwa macho mazuri. Mume wangu Selemani naye ni fundi uashi, na watu wakibanwa kitu cha kwanza kuahirisha ni kujenga, kwa hiyo alikuwa anashinda nyumbani anatengeneza vitu ambavyo havijaharibika.

Sasa ugonjwa wangu mimi si kukosa (kukosa kila mtu anakosa), ugonjwa wangu ni kutotaka ionekane. Nikienda dukani kununua mafuta ya kupima, yale ya kikombe, nabeba dumu kubwa kabisa, halafu nikirudi natembea nimeinama upande mmoja na kuhema kama nimebeba mzigo, na mtu akinipokea nasema, "Acha tu shoga, nishazoea." Nyama sikuwa nanunua, lakini vitunguu na binzari nilikuwa navikaanga dirisha likiwa wazi ili harufu itembee. Selemani akawa ananitazama tu anatikisa kichwa.

Basi, jirani yangu Bi Tatu akawa anamwozesha binti yake, Mwanahawa. Bi Tatu si jirani tu, huyu ndiye aliyenikanda maji ya moto nilipojifungua Shufaa, mama yangu akiwa mgonjwa Lindi, kwa hiyo harusi ile ilikuwa kama ya nyumbani kwangu. Tukaitwa kikao cha akina mama. Na kwenye kikao akawepo mdogo wake Bi Tatu, anaitwa Bi Salma, amekuja kutoka Dar na mabunda ya kitambaa cha sare, rangi ya damu ya mzee yenye maua ya dhahabu, kitambaa kizuri kweli, na bei yake sitaitaja hapa kwa sababu kuna wenye presha. Wanawake wakawa wanajiandikisha mmoja mmoja, kila mtu anatabasamu lakini tabasamu lenyewe limekakamaa. Ikafika zamu yangu.

"Mama Shufaa, nikukatie kipande kimoja, au na cha binti?"

Hapo ndipo. Ningesema tu "Bi Salma, mwezi huu sijajaliwa," yote yaliyofuata yasingetokea. Mdomo wangu ukasema, "Mimi msinikatie. Nina shoga yangu Zanzibar ameshaniletea kitambaa hichohicho, ila changu ni kizito zaidi, kinatoka Uturuki."

Shoga wa Zanzibar sina. Uturuki yenyewe naijua kwenye tamthilia.

Nikarudi nyumbani, nikajitupa kwenye kochi, nikainua macho, na mbele yangu kwenye dirisha la sebuleni likawa linaning'inia pazia. Damu ya mzee. Maua ya dhahabu. Nililinunua enzi zile mambo yakiwa mazuri, Selemani alipomaliza kujenga nyumba ya tajiri mmoja Kinjumbi, pande mbili zima zima, ndefu, zinaburura chini. Maua yake yalikuwa makubwa kidogo kuliko ya sare, lakini mtu wa mbali, tena mwenye heshima zake, atajuaje? Nikapanda juu ya stuli nikalishusha.

Selemani akatoka chumbani akakuta dirisha liko uchi. "Vipi tena? Unafua?"

"Nafua."

"Mbona unalipima kwenye kiuno?"

Ikabidi nimwambie. Mume wangu si msemaji, akasema tu, "Zuhura, pazia ni pazia." Nikamjibu kwamba wanaume hawajui mambo ya mitindo, nikatundika kanga dirishani ili watu wa barabarani wasituone tukila, na kwa haraka zangu sikutazama hata jina la ile kanga. Kumbe imeandikwa YA NDANI HAYAKUHUSU, na maandishi yametazama nje.

Kwa fundi cherehani wa mtaani nisingeweza kwenda, angenitangaza, kwa hiyo nikaenda mpaka mji wa Masoko kwa fundi nisiyemjua. Akalishika, akaligeuza, akanitazama mimi, akatazama vile vitundu vya juu vilivyozungushiwa pete za chuma, vya kupitishia bomba.

"Mama, hili si..."

"Ni kitambaa cha Uturuki," nikamkatiza. "Huko ndivyo wanavyokiuza."

Akasema sawa. Nikamwambia hizo pete azikate, na mshono uwe wa kubana juu na kumwagika chini, na mwili wangu mnauona, Mungu hakunipimia kwa kikombe. Gauni lenyewe nikalifuata asubuhi ya harusi, nikafika nyumbani nimechelewa, nikalivaa, na hapo ndipo nikagundua kwamba kitambaa hakikumtosha yule fundi. Kwa hiyo nyuma, chini ya kiuno, akaunga kile kipande cha juu cha pazia, pete zake mbili zinang'aa kama macho ya paka. Nilitaka kulia. Shufaa akanifunga mtandio kiunoni kuzificha, akarudi nyuma akanikagua, akasema, "Mama, usigeuke sana."

Tukaenda. Ilikuwa alasiri, turubai limefungwa uwani kwa Bi Tatu, wanawake wamejaa, udi unafuka, na kila nilipotazama ni damu ya mzee na maua ya dhahabu. Sijawahi kuona joto kama lile. Kitambaa cha pazia kazi yake ni kuzuia jua lisiingie, na mimi nawaambia kikishazuia jua kuingia kinazuia na jasho kutoka. Nikapanga kujibanza nyuma karibu na masufuria, nile pilau yangu, nipige vigelegele viwili vitatu, niondoke kistaarabu. Lakini Bi Salma akaniona.

Akanishika mkono wa gauni akaupapasa. "Mashallah! Jamani, njooni mshike kitambaa hiki! Hiki ndicho cha Uturuki?" Wakaja, wakashika. Mmoja akasema tazama kilivyo kizito, mwingine akasema hicho hata kikifuliwa miaka kumi hakichuji (kweli kabisa, nilikuwa nimekifua miaka minne). Bi Salma akasema mtu aliyependeza hivi hakai nyuma, akanivuta mpaka mbele kabisa, kwenye viti vilivyopangwa pembeni ya bibi harusi, pale mpiga picha alipoelekeza kamera yake. Nikakaa. Nyuma yetu mpambaji alikuwa amesimamisha fremu ya mabomba, amening'iniza vitambaa vyeupe na mashada ya maua na taa za rangi, vyote vimeshikwa kwa vikulabu vya waya.

Mtandio ulikuwa wa hariri, unateleza. Sijui ulilegea saa ngapi. Ninachojua ni kwamba ulipopigwa muziki wa kumtunza bibi harusi, mshereheshaji, mwanamke mmoja mwenye sauti kama ya king'ora, akasema kwenye kipaza sauti, "Sasa tunamuomba mama wa Uturuki atufungulie!" Nikasimama kwa madaha, noti yangu nimeikunja ili ukubwa wake usijulikane, nikatupa hatua ya kwanza nikicheza, na nikahisi kama kuna mtu ananishika nyuma. Nikadhani ni shangazi mmojawapo anataka nimpishe. Nikavuta. Naye akavuta. Basi mimi nikavuta kwa nguvu za mtu anayesukuma chapati kila siku ya Mungu.

Fremu yote ikaja. Ikaja taratibu kwanza, kama inafikiria, halafu kwa pamoja, vitambaa vyeupe, mashada, taa, puu, ikafunika mashangazi wawili na mpiga kinanda, na muziki ukakata. Mwanahawa alisalimika kwa sababu alikuwa ameinuka kunipokea. Na mimi nikabaki nimesimama katikati ya uwa, nyuma yangu naburura mapambo nusu, kikulabu kimoja kimeingia sawasawa ndani ya pete ya gauni langu, kana kwamba viliumbwa viwe pamoja.

Mpambaji akakimbia akapiga magoti nyuma yangu kujaribu kunitoa, akasema, tena kwa sauti ya mshangao tu, "Hee, hili gauni mbona lina matundu ya bomba?"

Labda hata hapo ningeponea, ningesema ndiyo fasheni. Lakini mbele kwenye mkeka alikuwa amekaa Bibi Hadija, mama yake Bi Tatu, ambaye Ramadhani nzima alikuwa akifuturu kwangu, ameegemea ukuta chini ya dirisha lile la pazia. Akajivuta karibu, akashika upindo wa gauni langu, akausogeza kwenye macho.

"Zuhura, mjukuu wangu."

"Shikamoo, Bibi," nikasema, sijui kwa nini, nilikuwa nimeshamwamkia nilipofika.

"Marahaba. Hili si pazia lako la sebuleni? Doa hili la mchuzi ni langu mimi, nilifuta mkono hapa nikaona haya kukwambia." Halafu, na kipaza sauti kilikuwa kimeanguka palepale mkekani bado kinafanya kazi, akaongeza kwa upole kabisa, "Ndiyo maana nimepita asubuhi nimekuta dirishani kanga inanitukana."

Wenzangu, kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia. Watu walilala kwenye mikeka. Mashangazi walichekea hukohuko chini ya mapambo. Hata Mwanahawa, bibi harusi anayetakiwa kuinamisha uso, alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Nami nikacheka, maana ungefanya nini, lakini nilipomtazama Bi Tatu nikaona yeye hacheki.

Akanishika mkono akaniingiza ndani, chumbani kwake, akafunga mlango. Nikaanza kumuomba radhi kwa mapambo. Akasema mapambo yanasimamishwa tena.

"Nakuuliza jambo moja, Mama Shufaa. Mimi nimekukanda. Tumbo lako nalijua, mgongo wako naujua. Ulishindwaje kuja hapa ukaniambia, 'Tatu, sina'?"

Nikasema niliona haya.

"Haya kwangu? Bora ungekuja na nguo ya kushindia. Wewe umeniweka kundi moja na watu wa barabarani wa kufichwa mambo yako kwa kanga."

Hapo machozi yakanitoka kweli, na hayakuwa ya kuchekwa. Nikamwambia kila kitu, mafuta ya kikombe, dumu tupu, kitunguu cha kukaanga dirisha wazi. Akasikiliza. Nilipofika kwenye dumu akaanza kutikisika mabega, kumbe anacheka, na akicheka yeye huwa anakupiga. Alipochoka kunipiga akanisogezea mdomo sikioni.

"Keki umeiona? Ile ya ghorofa tatu?"

"Nimeiona, Mashallah."

"Ghorofa ya juu ndiyo keki. Mbili za chini ni maboksi ya sabuni, yamepakwa sukari. Ole wetu Mwanahawa akikosea akatia kisu chini."

Tukatazamana. Tulicheka wanawake wazima mpaka tukakaa chini sakafuni, na wa nje walidhani tunapigana, wakaanza kugonga mlango. (Siri ya keki nimeruhusiwa kuitoa, Mwanahawa ameshajifungua na mumewe amezoea.) Akanitolea kanga zake mbili mpya, nikavua Uturuki, nikapigwa na hewa kwa mara ya kwanza siku ile, na kisu kilipokaribia keki mimi na Bi Tatu tulisimama tumeshikana mikono kama wafungwa wanaosubiri hukumu. Kikapita juu. Nikapiga kigelegele kirefu kuliko vyote, na watu wakashangaa huyu aliyeaibika ana furaha gani.

Wanacheka mpaka leo, na wacha wacheke. Ila juzi tumeitwa kikao kingine, harusi ya kwa mama mmoja mtaa wa pili, na sare mara hii ni ya kijani, bei imeongezeka. Daftari halijafunguliwa mimi nikanyoosha mkono, nikasema, "Mimi jamani, sare sina uwezo nayo. Nitakuja na kanga zangu, na chapati nitapika bure." Nikakaa, masikio yanawaka moto, nikijua nitasemwa mpaka kule kijiji cha Pande. Nyuma yangu mtu akakohoa, akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi." Nikageuka kumtazama ni nani, na kabla sijamuona, upande wa mlangoni mwingine akasema, "Na mimi pia," halafu mwingine, na mwingine, mpaka mwenye harusi mwenyewe akapumua kwa nguvu, akasema, "Alhamdulillahi, maana na mimi nilikuwa nawaza kitambaa changu nakitoa wapi."