Kinu cha Tanga na Kasuku wa Kijani

Kinu changu nilikibeba kutoka Tanga hadi Toronto, nimekifunga kwa kanga mbili ndani ya begi, na mume wangu alinicheka toka uwanja wa ndege mpaka Malvern, mtaa tuliopanga. Wiki ya kwanza tu nikatwanga kisamvu, na mzee wa ghorofa ya chini, mtu wa Sri Lanka, akapanda kugonga mlango. Alisema taa ya darini kwake inacheza. Toka siku hiyo kinu kikawa stuli ya chungu cha maua, nami nikanuna mwaka mzima.

Kasuku walikuja baadaye, miaka ile simu za kupapasa zilipokuwa bado ngeni: dume mwenye ukosi mweusi shingoni na jike wa kijani kitupu. Mume wangu aliwanunua kwa sababu alitaka makinda. Akaleta sanduku la kutagia, la pili, la tatu. Jike akatafuna mbao, akayasusa yote.

"Aprili ikiisha bila yai," mume wangu akasema, "namwita yule jamaa wa mji wa Pickering aje awachukue. Anawajulia ndege."

Na mimi nilikuwa nimeshampenda yule jike. Kila asubuhi alikula pilipili mkononi mwangu, macho makavu!

Nikameza kiburi, nikashuka kwa mzee wa chini, maana ndege hao ni wa misitu ya kwao. Hakuniringia. Alinieleza kwamba porini hawajengi kiota. Jike hutafuta shimo kwenye mti mzee, akalikwangua kwa mdomo mpaka limtoshe, na anataka giza na kitu kizito kisichotikisika.

"Masanduku yenu yanatikisika, mama," akasema. "Hata huku chini nayasikia."

Nilipanda ngazi mbili mbili. Mti wenye shimo nilikuwa nao sebuleni, umebeba maua! Nikakilaza kinu ubavu, nikakikaza kwa matofali, nikaziba nusu ya mdomo wake kwa ubao na kukisogeza mpaka mlango wa kizimba.

"Mke wangu, sasa umeamua kuwatwanga?" mume wangu akauliza.

Siku mbili jike alichungulia tu. Ya tatu akaingia, akakaa.

Jamaa wa Pickering alifika Aprili ilipoisha, na kizimba chake mkononi. Nikampa tochi. Mayai manne! Alikunywa chai akaondoka mikono mitupu, na mume wangu akamsindikiza hadi kwenye lifti bila kunitazama usoni.

Makinda walipoanza kelele, mlango ukagongwa. Ni mzee wa chini.

"Mama, kuna kelele," akaanza.

"Ni kinu," nikamwambia, nikaufungua mlango wote. "Kile kile. Ingia uone."

Akapiga magoti mbele ya kinu, mzee mzima, akachungulia, akacheka mpaka akafuta macho. Mume wangu akamletea stuli, safari hii stuli ya kweli. Nami nikasimama katikati ya sebule yangu, mikono kiunoni. Nilikuwa nimeshinda, na nilitaka wote wawili wanione.