Shuka Jeupe la Sandukuni

Ninawasimulia haya kabla sijapata ujasiri wa kumtazama mama mkwe usoni.

Alhamisi, mama wa kijana anayemposa binti yangu alikuwa aje kutoka Kinna kulala kwetu hapa Isiolo, na tangu alfajiri sikutulia. Nilitaka aone kwamba binti yetu ametoka nyumba ya watu wanaojua mambo. Nilitandika kitanda cha wageni tabaka juu ya tabaka, kama nilivyoona kwenye simu: shuka, duveti, blanketi la manyoya miguuni, na mito minne iliyosimama kama askari. Lilikosekana shuka jeupe la kukunjwa juu ya duveti.

Nililipata sandukuni kwa mama mkwe, tunayeishi naye. Lilikuwa la pamba safi, halina pindo, linanukia udi. Alikuwa ametoka, nami sikungoja kumwuliza. Pamoja na elimu yangu yote, sikujiuliza kwa nini kitu kizuri hivyo hakijawahi kutandikwa. Nililipiga pasi, nikalitandaza, nikarudi mara tatu kulinyoosha.

Mgeni alifika, akaketi kitandani na kulipapasa.

“Mashallah! Na binti yako anajua kutandika hivi?”

“Nimemfundisha mwenyewe,” nilijibu.

Mama mkwe aliingia akitoa salaam. Macho yake yalitua kitandani, yakagoma kuondoka.

“Hii umetoa wapi?”

“Kwa sanduku lako, Mama. Niliona hutumii.”

“Nitatumiaje, na bado sijakufa? Hiyo ni sanda yangu.”

Mgeni alikuwa ameshasimama.