Sufuria Juu ya Kabati

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwapikia nzi. Si nzi wa jalalani. Ni wale wadogo wenye macho mekundu, wanaofugwa ndani ya chupa katika maabara ya chuo. Kila asubuhi aliwakorogea uji wa unga wa mahindi, sukari na hamira. Watu wakamwita Mama Nzi. Mumewe, fundi cherehani, hakuchoka na mzaha huo.

"Wageni wako wameshiba?" humwuliza jioni. "Maana mimi bado."

Juma moja mzaha huo haukumchekesha. Daktari, mtafiti mwenye nzi hao, msichana wa rika la kitinda mimba wake, alikuwa amemwambia kwamba Ijumaa angemwandikia mkuu wa chuo barua: mtumishi wa jikoni anafungua kabati, hafai tena.

Kabati lenyewe lilikuwa kwenye kona ya jiko la maabara, la bati jeusi, limezibwa lisipitishe hata uzi wa mwanga. Ndani walikaa nzi wa uzao ambao saa ya mwilini mwao huchelewa. Gizani, bila kitu cha kuwaambia kumekucha, walitazamiwa kuamka kila siku wakiwa wamechelewa kuliko jana. Mashine ilihesabu nyendo zao. Lakini hawakuchelewa. Majuma sita sasa, saa nne asubuhi, wanaamka kama walioitwa.

"Kuna mwanga unaingia, mama," Daktari alisema. "Na saa nne anayekuwa hapa ni wewe."

"Mwanangu, ule mlango sijaugusa."

"Basi nani?"

Akaanza kujishuku mwenyewe. Mikono yake ilikuwa imezoea kufanya mambo bila kumwuliza. Ilipima sukari, ilizima jiko. Hata siku za mapumziko ilimwamsha alfajiri ikitafuta mwiko. Je, kama ilifungua na mlango, kichwa kikiwa kwingine?

Alhamisi akaamua kujichunga kama mtu anayemchunga mwizi. Akapima, akakoroga, akaipua sufuria. Akaitazama mikono ikiinyanyua na kuitua juu ya kabati ipoe. Ilikuwa hivyo tangu kabati lilipoletwa, kwa sababu ya sisimizi: walipanda kila meza kufuata sukari, na ni miguu ya kabati tu iliyosimama ndani ya makopo ya maji.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne. Mlango ulikuwa umefungwa. Hakuna mkono uliougusa.

Uji ulipopoa akaiondoa sufuria, na kiganja chake kikagusa bati. Lilikuwa na joto la paji la uso la mtoto mwenye homa.

Kipimajoto cha kabati kilikuwa chini kabisa, mbali na sufuria, hakingesema neno. Naye angeweza kunyamaza. Akisema, ataonekana hakufungua mlango, ila ameharibu kazi ya majuma sita kwa uji.

Akaenda kumwita. "Daktari, weka mkono hapa."

Daktari akauweka. Hakukasirika, alikunja uso kama aliyepotea njia.

"Joto," akasema. "Wanaamshwa na joto. Lakini mbona... Mama, nikiutoa ubongo wa nzi nikauweka peke yake kwenye kisahani, nikalipandisha joto na kulishusha, saa yake haifuati. Miguu inafuata. Tumbo linafuata. Ubongo hapana."

"Sasa hawa nani kawaambia kichwani?"

"Labda mwili. Sijui."

Mama Nzi akaitazama mikono yake, asijue kama lililosemwa lilikuwa juu ya nzi tu.

"Na ile barua?"

"Barua gani tena? Kesho pika vilevile. Saa ileile, sufuria mahali palepale. Usibadilishe chochote."

"Kwa hiyo sikukosea?"

"Ulikosea sana," Daktari alisema, huku akiandika. "Endelea."

Nyumbani mumewe alimwuliza kama amefukuzwa au amepandishwa cheo. Alisema hajui, na kweli hakujua.

Ijumaa akaipua sufuria, akafika mbele ya kabati, akasimama. Siku zote hizo mikono ilitua sufuria yenyewe. Sasa ilimngojea aiambie, naye hakukumbuka kama huwa anaiweka katikati au pembeni. Saa nne ikapita, sufuria ingali mikononi, mvuke ukimpiga usoni.