Jalada la Karata za Mume Wangu

Karata ya kwanza mume wangu aliileta nyumbani ndani ya kofia. Aliivua kofia, akaitoa ile karata, akaiweka kwenye mkeka mbele yangu nilipokuwa nikishona. Ilikuwa karatasi ngumu, ndogo kuliko kiganja changu, na juu yake amechorwa mwanamume mweupe mwenye masharubu, kifua wazi, amekunja ngumi zote mbili kana kwamba ananingoja mimi nianze.

"Nini hii?" nikamuuliza.

"Picha ya mpiganaji wa ngumi. Huko kwao watu wanalipa kumtazama."

"Umeipata wapi?"

"Nimepewa na rafiki."

Miaka hiyo, ambayo Wazungu huihesabu kuwa ya themanini na kitu, mume wangu alikuwa karani wa tajiri mmoja wa pembe za ndovu hapa Bagamoyo. Rafiki zake wote niliwajua, wao na mama zao, na hakuna hata mmoja ambaye angekuwa na kitu cha namna ile. Tangu utotoni mimi ni mtu wa kushuku. Mama alinigombeza sana kwa tabia hiyo, na haikunitoka.

Zikaja nyingine. Tulizoea kuziita karata ingawa hakuna aliyezicheza. Nikaja kujua kwamba zinatoka ndani ya pakiti za sigara za Marekani zilizopitia Unguja, na kwamba huwekwa humo ili sigara zisipondeke. Lakini mume wangu hakuvuta sigara. Basi kuna mtu anayevuta, na mtu huyo ana sababu ya kutoa. Nilipombana sana ndipo akasema ni yule Mzungu aliyepanga ghorofa ya juu kwenye nyumba ya Mhindi mwenye duka la nguo, karibu na soko. Watu walikuwa wameambiwa kwamba Mzungu huyo anatafuta mashamba ya pamba.

"Na wewe unampa nini?" nikauliza.

"Nampa salamu," akasema, akacheka. Mimi sikucheka.

Mwanzoni alizitia kwenye bweta la mbao. Masika yakaingia, hewa ikawa nzito, na siku alipofungua bweta akakuta karata mbili zimegandana. Alipozitenganisha, uso wa mwanamieleka mmoja ukabanduka wote, ukabaki mgongoni mwa mwenzake. Nyingine mende walikuwa wamekula pembe. Alikaa nazo mapajani mchana kutwa, hakugusa chakula. Kesho yake akazifunga ndani ya leso akaenda kwa mjomba wangu kumwomba amtengenezee kitabu, nami nikamfuata, maana nilitaka kusikia mjomba atasema nini.

Mjomba alikuwa akijalidi misahafu. Mji mzima ulimpelekea vitabu vilivyolegea mishono. Alizishika zile karata kwa ncha za vidole, moja moja.

"Nimejalidi maneno ya Mungu maisha yangu yote," akasema. "Leo unaniletea wanaume nusu uchi."

"Ni michezo tu, mjomba."

Mjomba akaigeuza moja. Nyuma palikuwa na maandishi ya kigeni. "Na hapa pameandikwa nini?"

"Sijui."

"Hujui, na unataka nikujengee nyumba ya kuzitunza."

Hata hivyo alikubali, kwa sharti kwamba sindano na ubao wa kazi hiyo visichanganywe na vya misahafu. Nadhani kazi yenyewe ilimvutia. Alibandika karatasi mbili mbili za Kihindi kwa gundi ya uji wa muhogo ili kila ukurasa uwe mgumu. Kisha kwa kisu chembamba akakata tundu ndogo nne za kuingizia pembe za kila karata, ili ikae bila kutiwa gundi na iweze kutolewa wakati wowote. Baina ya kurasa akatia karatasi laini, nyuso zisikwaruzane. Kwenye uti wa kitabu akashonea vipande vya ziada, maana alisema kitabu kikishajaa kitavimba na kuachama mdomo kisipopewa nafasi tangu mwanzo. Jalada lilikuwa la ngozi ya mbuzi, nyekundu iliyoiva, lenye ulimi wa kufunikia mbele kama misahafu yake mizuri. Akamwambia mume wangu akilaze, asikisimamishe, akiwekee kifuko cha kafuri na karafuu, na akipunge hewa kivulini siku za upepo mkavu, kamwe juani.

Sijamwona mume wangu akishika maagizo ya mtu yeyote kama alivyoyashika hayo. Alizipanga karata kwa michezo yao. Wa ngumi walitangulia, kisha wa mieleka, kisha wapiga makasia, kisha watu waliovaa kofia za ukingo na kushika magongo mazito. Baada ya sala ya alasiri alitandika kitambaa safi barazani, akakiweka kitabu juu yake. Anayetaka kutazama alinawa mikono kwanza, akaifuta, na hata hivyo hakuruhusiwa kufunua. Alifunua mwenyewe.

Watu walikuja. Walicheka masharubu, walibishana nani angemshinda nani. Kaka yangu, ambaye nyumba yake ilipakana na yetu ukuta kwa ukuta, alikuja pia. Akatazama kurasa za mwisho muda mrefu.

"Shemeji, hawa wenye marungu ni askari wa wapi?"

"Si askari. Wanapiga mpira kwa gongo hilo."

"Mtu mzima anavaa sare, anashika rungu, ili apige mpira?"

Baraza zima likacheka, isipokuwa yeye. Alipotoka alinifuata uani.

"Dada, yule Mzungu halimi pamba. Nimemwona anazunguka visimani na anaandika. Kwa nini anampa mumeo picha?"

"Anasema ni urafiki."

"Na wewe unaamini?"

Nilimwambia naamini, kwa sababu ni mume wangu na kaka alikuwa amesimama uani kwangu. Lakini siku zile mji haukuwa na raha. Ilisemwa kwamba Wazungu wanataka forodha, wanataka kupandisha bendera yao, na watu walianza kutazama nani anaingia kwa nani. Wageni wa baraza wakapungua. Wale waliobaki walitazama picha kidogo na kumtazama mume wangu zaidi.

Mimi nilishona kofia za kuuza, na hariri nilinunua kwa mke wa yule yule Mhindi. Wanawake tulikaa naye uani nyuma ya duka, yeye akipima nyuzi, sisi tukichagua rangi. Siku moja asubuhi nilikuwa hapo peke yangu naye. Dirisha la ghorofani lilikuwa wazi, na nikasikia sauti ya mume wangu, ile anayotumia kusomeshea watoto wa mtaa.

"Sema tena. Nyumba hizi ni za nani."

"Nyumba hizi ni ya nani," akasema Mzungu.

"Za nani."

"Za nani. Visima viko wapi?"

"Vizuri."

"Nani ana bunduki? Bunduki yamewekwa wapi?"

"Zimewekwa," akasema mume wangu. "Bunduki zimewekwa wapi."

Mke wa Mhindi hakuinua macho. Akaendelea kupima uzi wangu kwa dhiraa, akaukata, akanikunjia. Sijui alikuwa amesikia masomo mangapi kabla ya hilo. Nilitoka pale nikasahau kuchukua chenji yangu. Kilichonichoma ni kwamba mume wangu alisahihisha tamko, na maana akaiacha ipite.

Alipokuja kula mchana nilimngoja amalize.

"Kumbe unamsomesha."

Hakukana. "Namsomesha lugha. Ananipa karata. Kuna ubaya gani?"

"Lugha ya kuulizia bunduki."

"Maneno anachagua mwenyewe. Mwanafunzi anauliza, nasahihisha."

"Na huwa unamjibu?"

"Ni mafunzo tu, mke wangu. Mtu anatoa mfano."

"Nani ana bunduki? Mfano wa jibu lake ulikuwa upi?"

"Nilisema, jirani yangu ana bunduki."

"Jirani yupi?"

"Jirani. Ni neno tu. Nilitaka ajifunze neno jirani."

Nikamwonyesha ukuta kwa kidole. Upande wa pili tulimsikia kaka yangu akikohoa.

Mume wangu akainama. Baadaye aliniambia kwamba mwenyewe alikuwa ameanza kuona yale maswali yanaelekea wapi, lakini ukurasa wa wapiga makasia ulikuwa haujajaa, akajiambia atasomesha mpaka ujae. Alilisema hilo bila kunitazama. Kesho yake hakwenda, wala siku zilizofuata. Mzungu alituma mtumishi na pakiti, na mume wangu akairudisha. Ndivyo alivyoniambia, mimi sikuwapo. Kwa hiyo nilipokuwa peke yangu nilijifanya nabadilisha kafuri, nikakifungua kitabu, nikaenda moja kwa moja kwa wapiga makasia. Nafasi zilikuwa bado tupu. Nikashusha pumzi, kisha nikawaza kwamba mtu anayetaka kuficha karata hatazitia kitabuni. Nikapekua bweta, mifuko ya kanzu zake, chini ya godoro. Sikupata kitu. Hilo nalo halikunituliza.

Vita na Wazungu vilipoanza tulikimbia, sisi na mama mkwe wangu, kupitia Vigwaza mpaka kwa ndugu zake, Wakwere wa upande wa Lugoba. Kaka alikataa kuondoka. Kitabu nacho hatukuweza kukichukua. Vijana wapiganaji waliokuwa njiani walipekua mizigo, na wangekuta picha za Wazungu wangetuita wapelelezi, na mimi moyoni nisingejua niwabishie vipi. Mume wangu akakipeleka kwa mjomba, ambaye alisema ni mzee mno wa kukimbia. Mjomba alikizungushia kitambaa cha merikani, akakilaza chini kabisa, akapanga juu yake misahafu iliyochanika iliyokuwa ikingoja matengenezo. Alimtazama tu mume wangu, kisha akanitazama mimi.

Huko Lugoba habari zilitufikia kwa vinywa vya watu waliokuja nyuma yetu. Mwanamke mmoja wa mtaani kwetu alituambia askari wa Wazungu walipekua nyumba zetu, na mlango wa kwanza kuvunjwa ulikuwa wa kaka yangu. Wakachukua bunduki yake, wakamchukua na yeye kubeba mizigo. Mume wangu alikuwa akimenya mihogo na mama yake. Aliendelea kumenya, polepole zaidi.

"Umesikia?" nikamwambia.

"Nimesikia."

Akachukua muhogo mwingine.

Tuliporudi mjini paa letu lilikuwa limeungua. Mjomba alikuwa mzima, na vitabu vyake vyote vilikuwa salama. Kitabu cha karata kilikuwa kimeota ukungu kidogo kwenye ngozi, akaufuta kwa kitambaa kikavu mbele yetu na kutukabidhi. Ndani hapakuharibika hata karata moja. Mume wangu alikipokea kwa mikono miwili, lakini hakukiweka tena barazani. Kilikaa ndani ya kasha, na kikitolewa kupungwa hewa, kilitolewa uani mlango umefungwa.

Yule Mzungu sasa alikuwa na ofisi na bendera. Siku moja tulikutana naye njiani, mume wangu hakupata pa kukwepea.

"Hamjambo," akasema Mzungu. "Nyumba zenu zimepona?"

Kila neno lilikuwa mahali pake. Nilisikia sauti ya mume wangu ndani ya mdomo wa mtu mwingine, nikatazama chini. Mume wangu akajibu kwamba tunashukuru, tukapita.

Kaka alirudi baada ya miezi, amekonda, mabega yana makovu. Nilimpikia, nikamwacha apumzike siku kadhaa, kisha nikamuuliza nani alimwambia Mzungu habari za bunduki yake.

"Dada, nilikuwa nikiwinda kanga kwa ile bunduki. Mji mzima uliniona nayo sokoni. Mtu yeyote angesema."

"Lakini kwa nini walianza mlango wako?"

"Mlango wangu uko mwanzo wa mtaa. Ulitaka waanze wapi?"

Ilikuwa kweli, nyumba yake ilikuwa ya kwanza ukitokea sokoni. Nilikuwa nimeishi mtaa huo tangu kuolewa, na jambo hilo halikunijia hata mara moja. Siku hiyo hiyo nilimuuliza mume wangu, kwa mara moja tu katika ndoa yetu, kama alimtaja kaka yangu kwa Mzungu.

"Sikumtaja," akasema. "Nilisema jirani."

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Alikuwa mume mwema, na kaka yangu alikula naye sinia moja kila sikukuu bila kinyongo. Mimi nilimwamini siku nyingi. Siku ambazo sikumwamini nilimpikia vilevile, nikakaa naye, nikamsikiliza akihadithia mambo ya kazini kwake, huku nikisubiri neno moja kuhusu bunduki ya kaka litakalomponyoka. Halikumponyoka mpaka akafa, na sijui kama ni kwa sababu halikuwapo.